Kukaanga Samaki wa Rojo Nyumbani: Mwongozo wa Kujaribu Hatua kwa Hatua

Maswali hunijia karibu kila wiki, na huwa ni yale yale. Kwa nini rojo linabanduka na kubaki chini ya karai huku samaki akitoka uchi? Kwa nini ganda linatoka kavu, lakini kabla sahani haijafika mezani limekwisha kuloa kama mkate uliochovywa kwenye chai? Kwa nini nje kumeungua na ndani bado kubichi? Wengi wanaouliza ni watu wanaojua kupika. Wamekaanga changu na vibua tangu utotoni, na wapo wanaouza viazi karai vinavyogombewa kila jioni, ndiyo maana wanashangaa kuona mkono ule ule unashindwa wanapomtia samaki kwenye rojo.

Tofauti ipo kwenye maji. Kiazi cha karai huingia kwenye rojo kikiwa kimekwisha kuchemshwa, kimepoa na uso wake umekauka, kwa hiyo linalobaki ni rojo kuiva lenyewe tu. Samaki huingia akiwa mbichi na amejaa maji, na maji hayo huanza kugeuka mvuke ndani ya ganda mara tu anapotumbukia kwenye mafuta ya moto. Mvuke usipopata pa kutokea hulisukuma ganda mpaka likabanduka, na ukitoka taratibu mno hulilowesha kutoka ndani. Karibu kila hatua utakayoisoma hapa ni ama namna ya kupunguza maji hayo kabla ya kukaanga, ama namna ya kuyapa njia ya kutoka.

Vipimo nilivyoviweka ni vya nusu kilo ya mnofu, ambayo hutosha watu 3 au 4 wakila pamoja na chipsi na kachumbari. Nakuomba ufanye karai la kwanza siku ambayo huna wageni, kwa sababu jiko lako, karai lako na unga wa dukani kwako vina tabia zao, na utazijua kwa kujaribu.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuwasha jiko

Anza na samaki mwenyewe. Unahitaji mnofu mweupe, ulioshikamana na usio na miiba. Sangara ndiye ninayempendekeza kwa anayeanza, kwa kuwa minofu yake ni minene, haivunjikivunjiki, na hupatikana mjini hata mbali na Ziwa Victoria. Kwa walio pwani, kolekole na chewa wanafaa sana. Nguru anafaa pia, ingawa nyama yake ina mafuta zaidi na ladha yake ni nzito zaidi. Sato ni mtamu, lakini mnofu wake ni mwembamba, hivyo huiva upesi na humlazimu mkaangaji awe mwangalifu na muda. Jodari simshauri, kwa sababu hukauka ndani kabla ganda halijapata rangi.

Samaki mzima, changu au tasi kwa mfano, namwacha nje ya rojo kabisa. Mlaji humla samaki huyo kwa kuchambua miiba kwa vidole, na ganda nene humzuia kuona anachochambua. Mtie chumvi, ndimu na pilipili manga, mkaange hivyo hivyo, naye hatakuwa amekosa kitu.

Kuhusu ubichi, bonyeza mnofu kwa kidole: ukirudi mahali pake ni mbichi, ukibaki na shimo uache. Nguru, vibua na jodari walioachwa kwenye joto kwa muda mrefu wanaweza kuwa na sumu isiyoondolewa na mafuta ya moto wala ndimu, na huenda harufu isikuonye. Nunua samaki waliolazwa kwenye barafu, na ukifika nyumbani usiwaache juu ya meza.

Vingine ni hivi:

- Mnofu wa samaki gramu 500.
- Unga wa ngano gramu 100 kwa ajili ya rojo, na gramu 50 nyingine za kumpaka samaki ukiwa mkavu.
- Unga wa mchele gramu 50. Ukiukosa, tumia wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kutengenezea kastadi. Unga wa sembe si mbadala wake.
- Bekingi pauda kijiko kimoja cha chai. Kama pakiti ya unga wa ngano imeandikwa kuwa kiumulio kimekwisha kutiwa, usiongeze.
- Chumvi kijiko kimoja cha chai, nusu ya samaki na nusu ya rojo.
- Maji ya gesi yasiyo na sukari, yale yanayouzwa kama soda wota, mililita 200, yakiwa baridi sana.
- Bizari ya manjano robo kijiko cha chai na pilipili manga kiasi upendacho.
- Ndimu mbili.
- Mafuta ya kukaangia lita 1 hadi 1.5, kulingana na umbo la karai.

Kwa upande wa vyombo, tafuta karai zito linalokaa imara juu ya jiko bila kuyumba, kijiko kikubwa cha matundu, koleo, wavu wa kuweka samaki aliyeiva, mabakuli mawili, taulo safi au karatasi za jikoni, na kifuniko cha chuma kinacholienea karai. Kifuniko hicho si cha kupikia, na sababu yake utaiona kwenye hatua ya nne. Kipimajoto cha jikoni kinasaidia sana, lakini si lazima. Daftari na kalamu, kwa anayetaka kujaribu na kuboresha, ni lazima.

Neno moja kuhusu mafuta. Mafuta ya alizeti yanayokamuliwa kienyeji bila kusafishwa, ambayo wengi wetu huletewa kwa madumu kutoka Singida au Dodoma, ni matamu sana kwenye mchuzi na mboga, lakini huanza kutoa moshi na povu kabla hayajafikia joto la kazi hii. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani nayo hayafai hapa. Tumia mafuta yaliyosafishwa, yasiyo na harufu, yawe ya alizeti au ya mawese.

Hatua za kufuata

1. Yeyusha barafu ya samaki bila haraka. Kama mnofu umegandishwa, uhamishie kwenye sehemu ya kawaida ya friji tangu jana yake usiku, ukiwa juu ya chujio lenye bakuli chini, ili maji yanayotoka yasiulowanishe tena. Ukiumwagia maji ya moto, uso hupikika na katikati hubaki na barafu, na barafu hiyo ndiyo itakayokuja kutema maji ndani ya ganda. Mnofu mbichi wa siku hiyo hauhitaji hatua hii.

2. Kata vipande vinavyolingana. Unene wa sentimita 1.5 hadi 2 na upana wa vidole vitatu unatosha. Kabla ya kukata, pitisha ncha ya kidole katikati ya mnofu, kutoka upande wa kichwa kwenda mkiani, ili uitambue miiba iliyobaki na kuing'oa. Ondoa ngozi, kwa kuwa hujikunja kwenye mafuta na kulipasua ganda. Sehemu nyembamba za tumbo zitenge na uzikaange mwisho peke yake.

3. Tia chumvi, kisha mkaushe. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi pande zote, panga vipande juu ya wavu bila kuvibananisha, na uviweke kwenye friji kwa dakika 15 hadi 20 bila kuvifunika. Utakapovitoa utaona vitone vya maji juu ya mnofu. Chumvi imeyavuta kutoka ndani, na usipoyaondoa yataingia kwenye rojo. Futa kila kipande kwa taulo kwa kukibonyeza taratibu, pande zote mbili, kisha rudia kwa sehemu kavu ya taulo. Kipimo changu ni hiki: nikiweka kipande cha karatasi ya jikoni juu ya mnofu na kukinyanyua, lazima kitoke bila alama ya unyevu. Kikiganda, bado.

   Ndimu ina mipaka yake. Tumezoea kumwosha samaki kwa ndimu na kumwacha humo wakati tunaendelea na mambo mengine, lakini mnofu mwembamba ukikaa kwenye ndimu zaidi ya dakika 10 uso wake hugeuka mweupe, hulegea na kuanza kumeguka, na rojo halishiki juu ya kitu kinachomeguka. Ukipenda kuitia kabla, matone machache yanatosha, tena kabla ya kufuta. Mimi huibakiza yote kwa ajili ya mezani.

4. Pasha mafuta kabla ya kuchanganya rojo. Wengi hufanya kinyume, na rojo linakaa likisubiri mafuta huku gesi na baridi vikiliishia. Mimina mafuta yafikie kina cha sentimita 5 hivi, na kamwe yasizidi nusu ya karai, kwa sababu yatapanda samaki anapoingia. Tumia moto wa wastani. Lengo ni nyuzijoto 180 za Selsiasi.

   Asiye na kipimajoto adondoshe tone la rojo, akishalichanganya, kwenye mafuta. Likizama na kukaa chini, mafuta bado ni baridi. Likizama kidogo kisha likapanda juu ndani ya sekunde mbili likizungukwa na mapovu, na likapata rangi ya dhahabu baada ya kama dakika moja, mafuta yako tayari. Likiwa la kahawia papo hapo, ondoa karai motoni au punguza moto, na usubiri. Mafuta yanayotoa moshi yamepita kiasi.

   Kwa anayetumia jiko la mkaa, subiri mkaa ushike wote na moto wa juujuu utulie ndipo uweke karai, kisha upunguze au uongeze joto kwa kutoa na kurudisha makaa kwa koleo. Usipepee jiko mafuta yakiwa juu yake.

   Onyo: mafuta yakishika moto, usimwage maji, wala usijaribu kulibeba karai kulipeleka nje. Zima gesi kama unaweza kuifikia bila kupitisha mkono juu ya moto, lifunike karai kwa kile kifuniko cha chuma, na ukiache hapo hapo mpaka kila kitu kipoe. Watoto wasipite jikoni wakati huu, na mkono wa karai usielekee upande wa njia.

5. Changanya vitu vikavu. Kwenye bakuli la kwanza weka unga wa ngano gramu 100, unga wa mchele, bekingi pauda, nusu kijiko cha chumvi kilichobaki, bizari na pilipili manga, ukoroge vizuri. Kama nafasi ipo, liweke bakuli hili kwenye friji pamoja na maji ya gesi. Kwenye bakuli la pili weka ule unga wa ngano wa kupakia.

6. Mimina maji ya gesi na ukoroge kidogo tu. Mafuta yakikaribia kuwa tayari, mimina kama mililita 170 kwa mara moja, koroga kwa uma mizunguko 10 hadi 15, kisha acha. Vidonge vidogo vya unga vitabaki na wala visikusumbue. Ukikoroga mpaka rojo liwe laini kama rangi ya ukutani, ngano itajenga mnato, na ganda litakuwa gumu la kutafuna badala ya jepesi la kuvunjika. Baridi nayo inachelewesha mnato huo, na hulifanya rojo lishike vizuri zaidi juu ya samaki.

   Sasa pima unene. Chovya kijiko, kinyanyue, na upitishe kidole mgongoni mwake. Mstari wa kidole unapaswa kubaki wazi, huku rojo linalodondoka kutoka kwenye kijiko likishuka kama utepe na si kwa mabonge. Liwe jepesi kuliko rojo la viazi karai na zito kuliko maziwa. Ongeza maji yaliyobaki kijiko kimoja kimoja mpaka lifike hapo.

7. Paka unga mkavu, kisha ukung'ute. Gaagaza kipande kimoja kwenye bakuli la pili, kinyanyue na ukipigepige taratibu ili unga wa ziada udondoke. Unaotakiwa kubaki ni utando mwembamba kama vumbi. Ukiwa mwingi, utajitenga kama tabaka peke yake na ganda litabanduka pamoja nao. Usipake vipande vyote kwa pamoja na kuviacha vikisubiri, kwa sababu unga utanyonya unyevu wa samaki na kugeuka gundi.

8. Chovya na utumbukize. Shika kipande kwa ncha, kizamishe kwenye rojo, kinyanyue na usubiri sekunde tatu au nne lile la ziada lichuruzike. Kisha kishushe kwenye mafuta kwa kuanzia upande ulio karibu nawe kwenda mbele, ili yakiruka yarukie mbali nawe. Kabla hujakiachia, kishikilie kikiwa kimezama nusu kwa sekunde tano hivi. Sekunde hizo hulipa rojo la chini nafasi ya kuganda, na kipande huelea badala ya kwenda kunata kwenye sakafu ya karai.

9. Kaanga vipande viwili au vitatu kwa awamu. Kila kipande kinachoingia hushusha joto la mafuta, na ukijaza karai mafuta huacha kukaanga na kuanza kuingia kwenye ganda. Usiviguse kwa dakika ya kwanza. Baada ya hapo vigeuze mara moja au mbili kwa kijiko cha matundu. Kipande cha unene wa sentimita 2 huchukua dakika 4 hadi 5.

   Tumia masikio. Mwanzoni mafuta hupiga kelele na mapovu huwa makubwa na ya haraka, kwa kuwa maji mengi yanatoka. Kadiri ganda linavyokauka, mapovu hupungua na kuwa madogo, na sauti hushuka mpaka ikawa kama mvua nyembamba juu ya bati. Hapo rangi itakuwa ya dhahabu na samaki ameiva. Mara ya kwanza hakikisha kwa kuvunja kipande kimoja katikati: nyama iwe nyeupe kabisa, isiyong'aa kama kioo, na itengane kwa matabaka ukiigusa kwa uma. Wenye kipimajoto watafute nyuzi 63 katikati ya mnofu.

10. Mtoe na umweke juu ya wavu. Nyunyiza chumvi kidogo sana angali wa moto. Usimlundike, usimfunike, na usimlaze kwenye sahani iliyotandikwa karatasi, kwa sababu mvuke unaotoka chini hukosa njia na kurudi kwenye ganda. Najua wengi hufunga kwenye foili ili abaki wa moto. Joto litabaki, lakini ganda litaondoka. Kabla ya awamu inayofuata, opoa mabaki ya rojo yanayoelea, maana yakiungua hutia mafuta uchungu, na usubiri joto lirudi.

Namna ya kujaribu ili ujifunze kitu

Ukishapata karai moja lililofanikiwa kwa vipimo hivi, anza kubadilisha. Sharti ni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike. Mtu anayebadilisha unga, kioevu na moto siku moja, akipata matokeo mazuri hatajua ayarudie vipi.

Jumamosi moja nilipanga mabakuli matatu juu ya meza, kila moja na unga tofauti, maji yale yale ya gesi, na vipande vya sangara vilivyokatwa kutoka mnofu mmoja. La kwanza lilikuwa na ngano tupu, la pili ngano na mchele kwa vipimo vya hapo juu, la tatu ngano nusu na unga wa dengu nusu. Nilivionja vilipotoka, kisha nikaviacha juu ya wavu dakika 15 na kuvionja tena, nikivunja ganda la kila kimoja karibu na sikio. Vilipotoka, vyote vitatu vilivunjika kwa sauti, na mtu angeweza kusema hakuna tofauti. Baada ya dakika 15 cha ngano tupu kilikuwa kimekuwa laini na kinavutika kama chapati, cha mchele bado kilikuwa kinavunjika, na cha dengu kilikuwa kati ya hivyo viwili, kikiwa na rangi nzuri kuliko vyote na ladha inayokumbusha bajia. Tangu siku hiyo sikaangi samaki wa rojo bila unga wa mchele, na nikitaka harufu ya bajia naongeza kijiko kikubwa kimoja tu cha dengu. Jaribio hilo la dakika 15 nakushauri ulifanye kila mara, kwa kuwa chakula cha nyumbani hakiliwi juu ya karai.

Kwenye kioevu, jaribu maji ya kawaida yenye barafu dhidi ya maji ya gesi, na utaona ya gesi yanatoa ganda lenye vijishimo vingi vidogo na jepesi zaidi. Uingereza, ambako samaki wa rojo na chipsi ni chakula cha kila mtaa, wapo wengi wanaotumia bia kwa sababu hiyo hiyo ya gesi. Asiyetumia pombe hapungukiwi kitu. Yai huongeza rangi na kulifanya ganda liwe laini kama la kababu. Wapo wanaolipenda hivyo, mimi silipendi kwa samaki. Tui la nazi nililijaribu kwa matumaini makubwa, kwa kuwa samaki na nazi ni ndugu, lakini ganda lilipata rangi ya kahawia kabla samaki hajaiva na likalainika mara moja. Tui ni zuri zaidi likibaki kwenye mchuzi.

Viungo vya unga kama bizari, binzari nyembamba na pilipili ya unga vinaweza kuingia kwenye rojo moja kwa moja. Kitunguu saumu kibichi na majani ya kotimiri huungua, kwa hiyo viwekwe kwenye kitoweleo. Ukwaju uliochemshwa na pilipili, ule ule wa viazi karai, humfaa samaki huyu kuliko sosi yoyote ya chupa.

Jaribio la mwisho ninalolipendekeza ni la kukaanga mara mbili. Kaanga kwa nyuzi 160 kwa dakika 3 mpaka ganda lishike likiwa bado jeupe, toa na upumzishe juu ya wavu kwa dakika 5, kisha rudisha kwenye mafuta ya nyuzi 190 kwa dakika moja. Ganda hukauka zaidi, na unaweza kufanya awamu ya kwanza kabla ya wageni kuketi. Kwa mnofu mwembamba wa sato usifanye hivi, utakauka.

Mambo yakienda vibaya

Rojo linabanduka. Samaki hakukauka, au alipakwa unga mwingi bila kukung'utwa, au aligeuzwa mapema. Rudi hatua ya 3 kwanza, maana mara nyingi kosa liko pale.

Ganda limenyonya mafuta na ni zito. Mafuta yalikuwa ya baridi au karai lilijazwa. Pasha upya, punguza vipande. Kama joto lilikuwa sawa, basi rojo lilikuwa zito mno. Ongeza vijiko viwili vya maji ya gesi.

Nje kahawia, ndani kubichi. Joto limezidi au vipande ni vinene. Shusha moto, ukate vyembamba zaidi. Vile vilivyokwisha kutoka vimalizie kwenye oveni au kwenye mafuta ya joto la chini, usiwape watu hivyo.

Rojo linatawanyika kwenye mafuta kama nyuzi. Ni jepesi mno. Ongeza kijiko kikubwa cha unga wa mchele na ukoroge mara chache.

Ganda ni gumu kama biskuti. Umekoroga kupita kiasi au rojo limekaa muda mrefu. Changanya jipya, gramu 150 za unga si hasara kubwa kuliko samaki.

Ladha inafanana na sabuni. Ulitumia magadi badala ya bekingi pauda, au kijiko kilijaa kupita kipimo.

Mafuta yanatoa povu lisilokwisha. Yamechoka, au hayakusafishwa kiwandani, au yana mabaki mengi ya unga. Yabadilishe.

Baada ya kukaanga

Acha mafuta yapoe kabisa, yachuje kwa kitambaa safi, na uyahifadhi kwenye chupa iliyofungwa, mahali penye giza. Unaweza kuyarudia mara mbili au tatu kwa samaki tu, kwa sababu maandazi yatakayokaangwa humo yatanuka shombo. Yakigeuka meusi, yakinata au yakianza kutoa moshi mapema, yafunge kwenye chupa na uyatupe pamoja na taka. Ukiyamwaga kwenye sinki yataganda ndani ya bomba.

Samaki aliyebaki aingie kwenye friji ndani ya saa mbili, akiwa amekwisha kupoa, na aliwe kesho yake. Kumpasha, weka oveni nyuzi 200 na umlaze juu ya wavu kwa dakika 8 hadi 10. Asiye na oveni atumie kikaango kikavu chenye moto mdogo, akimgeuza kila upande bila kufunika, mpaka ganda lianze tena kutoa sauti likigongwa kwa uma.